Kurudi Ukerewe baada ya miaka mingi: ufuko umekwenda wapi, na dagaa wa zamani wako wapi?

Mwana_Nansio

Wakuu, heshima zenu. Desemba hii familia inakwenda Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, na watoto wawili (miaka 9 na 13) waliozaliwa na kukulia nje ya nchi. Mara ya mwisho kufika ni 2006. Naomba wanaolijua ziwa wanisaidie.

1. Picha za simu zinaonyesha maji yamefika kwenye shina la mwembe. Mbele ya mwembe huo palikuwa na ufuko mpana wa kuanikia dagaa. Ziwa limepanda kiasi hicho kweli? Kuna wazo la kujenga kibanda hapo.
2. Samaki wa zamani, furu, ningu na ngege, bado wapo? Na kwa nini dagaa wanaouzwa mjini hawana ladha ile?
3. Watoto wanataka kuoga ziwani pale walipooga wazazi wao. Ruksa?

---

Kipimo_cha_Maji

Nianze na la kwanza. Picha hazidanganyi, ila 2006 ndiyo inayokudanganya. Mwaka ule ziwa lilikuwa chini mno, kwa sababu ya ukame na maji mengi kufunguliwa kwenye mabwawa ya umeme kule Jinja, Uganda. Ule ufuko mpana unaoukumbuka ulikuwa sakafu ya ziwa iliyobaki nje kwa muda. Halafu Mei 2020 kina kilifika juu kabisa, na 2024 kikapita hapo. Tofauti ya kutoka 2006 hadi vilele hivyo ni karibu mita 3.

Mita 3 za kwenda juu unaweza kuziona ndogo, lakini zipige kwa mteremko. Ufuko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 50 utakuwa umemezwa mita 150. Penye mawe na mwinuko mkali hutaona tofauti kubwa. Ndiyo maana kijiji kimoja kimepoteza mwalo (pa kushushia samaki) na jirani yake yuko vilevile.

Wala si mara ya kwanza. Mvua za 1961 hadi 1964 zililipandisha ziwa zaidi ya mita 2, na wazee waliokuwepo wanajua wapi maji yalifika. Ukifika, waombe wakuonyeshe alama ya enzi hiyo na uifanye ndiyo mstari wako. Maji mengi ya Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, mito inaongezea tu, kwa hiyo miaka ya mvua kubwa ikifuatana hakuna pa kukimbilia.

Kuhusu kibanda: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Usipime maji yakiwa yamerudi nyuma, pima kutoka yalipofika yalipojaa. Mwembe wenyewe, kwa picha unazozieleza, uko ndani ya zuio. Weka kigoda chini yake, kibanda kipeleke juu.

---

Fundi_Nyavu

Mkuu, la samaki.

Furu: kulikuwa na mamia ya aina zake. Sangara aliletwa kuanzia miaka ya 1950 upande wa Uganda, na miaka ya 1980 akawa ametawala ziwa lote. Aina nyingi za furu hazijaonekana tena. Nyingine zilianza kurudi sangara alipovuliwa sana, kwa hiyo furu utawakuta, wadogo, mara nyingi wamechanganyika na dagaa kwenye fungu moja. Usitegemee mtungo wa furu wa zamani wenye rangi tano.

Ningu alikuwa anapanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga, na watu walimtegea nyavu kwenye midomo ya mito, mayai yakiwa bado tumboni. Alipungua hata kabla ya sangara kuenea. Uliza midomoni mwa mito mvua zikianza, hapo ndipo pa kumpata kama yupo. Ngege anaonekana zaidi kwenye maziwa madogo na mabwawa ya kandokando kuliko kwenye ziwa kubwa. Na yule sato mnayemwita samaki wa asili, naye ni mgeni aliyeletwa miaka ileile ya 1950. Wenyeji ni ngege na mbiru.

Furu alianikwa juani akakauka. Sangara ana mafuta mengi, jua halimtoshi, anaoza kabla ya kukauka. Lazima moshi, au chumvi nyingi kama kayabo (sangara wa chumvi) anayesafirishwa kwenda Congo. Kwa hiyo mwaloni harufu ya furu kwenye jua ilibadilika ikawa harufu ya kuni. Kama kuna kitu unahisi kimepungua na huwezi kukitaja jina, inawezekana ni hicho.

---

Mama_Kichanja

Dagaa niachieni mimi.

Kwanza angalia mwezi kabla ya kukata tiketi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi inaishinda taa. Siku kama 5 kabla na 5 baada ya mwezi mpevu mitumbwi mingi inapumzika. Ukifika siku hizo utakuta dagaa wa akiba kwa bei ya juu, na ule mstari wa taa ziwani usiku hautakuwepo. Nenda wakati wa giza. Ila jiandae: taa nyingi sasa ni za betri, nyeupe na kimya. Karabai, taa ya zamani ya mafuta, lilikuwa na mwanga wa njano na lilivuma.

Ladha inaharibika kwenye kukausha. Dagaa akitoka majini alfajiri anatakiwa awe ameanikwa kabla jua halijapanda sana, tabaka moja, bila kurundikana. Jua kali la siku moja linatosha. Akinyeshewa, au akilala kwenye ndoo hadi mchana, tumbo linapasuka, mafuta yanachacha, anakuwa wa kahawia na mchungu kooni. Desemba mvua zipo, kwa hiyo hatari hiyo ni kubwa. Dagaa mzuri anang'aa fedha, mzima na kichwa chake, ukimvunja anatoa mlio. Chukua wa kichanja, aliyeanikwa juu ya meza ya miti. Wa mchanga, aliyeanikwa chini, ni wa bei nafuu, lakini unamnunua na mchanga wake.

Ukiwa umepata wa mchanga: maji ya uvuguvugu mengi, tia dagaa, koroga kwa vidole, subiri kidogo, kisha *waopoe kwa mikono*. Ukimimina maji na dagaa kwa pamoja umerudisha mchanga wote ulioshuka chini. Rudia mara 3, mpaka chini ya sufuria pasikwaruze. Kisha wakaange kavu, bila mafuta, hadi waanze kulia. Hapo ndipo kitunguu, mafuta na nyanya vinaingia. Anayeanza na mafuta anawachemsha tu.

---

Maabara_Kanda

Kuoga: jibu fupi ni hapana, hasa kwenye maji matulivu yenye matete na majani. Konokono wa kichocho wanakaa hapo, na vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa kali. Vinapenya ngozi kwa dakika chache. Kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemea.

Watoto wakitaka maji ya ziwa, yachoteni, yakae kwenye pipa lenye mfuniko saa 48 bila konokono ndani, ndipo waoge. Vimelea vitakuwa vimekufa. Ya kunywa chemsheni vilevile.

Wakiponyoka wakaingia (watoto ni watoto), usikimbilie dawa siku ileile. Praziquantel haiui minyoo michanga. Subiri wiki 6 hadi 8 tangu mara ya mwisho kugusa maji, mpime, kisha dozi ya miligramu 40 kwa kilo: mtoto wa kilo 30 ni vidonge 2 vya miligramu 600, baada ya chakula kupunguza kichefuchefu. Homa, kikohozi au vipele wiki chache baada ya safari, mwambieni daktari wa huko mnakoishi kwamba mlikuwa Ziwa Victoria. Asipoambiwa hatalifikiria.

Malaria ndiyo ninayoihofia zaidi, na hapa wazazi ndio wanaojisahau. Kinga aliyojijengea mtu utotoni inapungua akikaa miaka mingi mbali na mbu. Anarudi anajiona mwenyeji, mwili ni wa mgeni. Dawa ya kinga kwa wote wanne, chandarua chenye dawa, na nguo za mikono mirefu jioni.

---

Mwana_Nansio

Asanteni sana wakuu. Mwembe nimeuelewa. Swali dogo la nyongeza: ugali wa udaga, ule mweusi wa muhogo. Inawezekana kuutengeneza kwa siku 7 tu tutakazokaa?

---

Mama_Kichanja

Inawezekana ukianza siku ya kwanza. Menya muhogo, rundika, funika kwa majani ya migomba au magunia siku 3 hadi 5. Ukibonyea kwa kidole na ukungu umeota, ukwangue, upondeponde, anika kwenye mawe siku 2 au 3. Twanga, chekecha.

Usifupishe siku za kurundika kwa muhogo mchungu. Sumu yake inatoka muhogo unapolainika na kukauka, si kwa kupikwa tu. Tarime miaka ya 1980, wakati wa ukame, watu walikula muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha na miguu ikapooza, wengi wakiwa watoto na wanawake. Ugonjwa unaitwa konzo, na haurudi nyuma.

Mvua ikiharibu hesabu, nunua udaga mkavu sokoni Nansio. Uvunje: ndani uwe mkavu kote, usiwe na kiini chenye unyevu. Mweusi kwa nje si kasoro.