Mpiga saksofoni ajifundishe tarumbeta mwenyewe, au kikundi kilipie mwalimu?

Tena wa Ligula
Habari zenu wanamuziki wa kusini. Kikundi chetu cha matarumbeta hapa Mtwara mjini kina tarumbeta mbili na mpigaji mmoja, mwenzake kahamia Dar. Minada ya korosho ikianza Oktoba, harusi zinafuatana kila Jumamosi. Mimi napiga saksofoni ya tena (tenor), huu mwaka wa sita. Nimeomba nipewe tarumbeta iliyokaa bure nijifundishe. Kikao kimegawanyika: wengine wanasema nipewe, wengine wanataka tuchange tulete mwalimu. Nyie mnaonaje? Vikundi vingi huku vina vyombo visivyo na wapigaji.

Mwalimu wa Kwaya, Masasi
Usiguse bila mwalimu. Mpiga saksofoni kazoea kubebwa na ridi, kile kipande chembamba cha mwanzi anachokishika mdomoni. Anauma, ridi inatetemeka, sauti inatoka. Kwenye tarumbeta hakuna ridi, midomo yako ndiyo ridi. Nimeona kijana akikandamiza kile kikombe cha kupulizia mpaka mdomo wa juu ukavimba, wiki mbili hakupuliza kitu. Na wanaojifundisha wenyewe wote huishia kutunisha mashavu kama wapiga zumari.

Tena wa Ligula
Shikamoo mwalimu. Kubebwa na ridi? Hapo umenionea. Panda nasi nyuma ya pikapu kutoka Ligula mpaka Mikindani, jua la saa nane, bibi harusi anafuata, halafu uniambie nani anambeba mwenzake.

Kijana wa Mtama
Kwani saksofoni si shaba? Inang'aa ile ile. Huyu kaka hahami nyumba, anahama chumba tu. Apewe chombo.

Fundi wa Vyombo, Lindi
Mdogo wangu, mwili wake ni shaba lakini ukoo wake ni wa klarineti, chombo kingine cha ridi. Adolphe Sax, Mbelgiji aliyeibuni saksofoni, aliisajili Paris mwaka 1846, na tangu hapo inahesabiwa kwa kinachotetemeka, si kwa kinachong'aa. Tofauti yenyewe ndiyo hii: kwenye saksofoni ukibadili vidole, noti inabadilika. Kwenye tarumbeta, bila kubonyeza hata moja ya vali, vile vitufe vya juu, utapata Do, Sol, Do ya juu, Mi, Sol. Vidole havikuambii uko wapi. Kinachokuambia ni sikio na midomo. Ila Tena ana bahati moja: saksofoni ya tena na tarumbeta zote mbili ni za Si-flati, yaani Do ya karatasini inasikika Si-flati, kwa hiyo atasoma karatasi ya tarumbeta bila kugeuza noti. Angekuwa wa alto, ambayo ni ya Mi-flati, angehangaika.

Mjukuu wa Mpiga Zumari, Mikindani
Nimesoma neno la Mwalimu mara tatu. "Kutunisha mashavu kama wapiga zumari." Babu yangu kapuliza zumari kwenye ngoma za mji huu maisha yake yote. Yale mashavu ni ghala la pumzi! Unavuta hewa kwa pua huku mashavu yanasukuma iliyomo, zumari haikatiki hata kidogo. Nani kwenye kwaya yako anaweza hilo?

Mwalimu wa Kwaya, Masasi
Sikumtukana mzee wa mtu. Nilisema kwenye tarumbeta mashavu yakijaa, pembe za mdomo zinalegea na sauti inapwaya.

Kijana wa Mtama
Mbona Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, alikuwa na mashavu kama maputo, na tarumbeta yake kengele, ule mdomo mpana wa mbele, imepindia juu? Au naye sauti ilipwaya?

Mwalimu wa Kwaya, Masasi
Gillespie ni mmoja. Huwezi kumfundishia mwanafunzi.

Mjukuu wa Mpiga Zumari, Mikindani
Kwa hiyo Mmarekani akitunisha ni fundi, babu akitunisha ni kasoro. Sawa.

Dada wa Tromboni, Newala
Jamani, tumemwacha Tena mlangoni. Mimi nilitoka kwenye klarineti nikajifundisha tromboni, inayopulizwa kwa midomo kama tarumbeta, hakuna aliyenifundisha, na nilikosea nusu mwaka mzima. Mdomo wa chini nilikuwa naukunjia juu ya meno, vile vile kama kwenye klarineti. Noti za chini zilitoka, za juu nikawa nazitafuta kwa kujikandamiza usoni. Kilichonitoa hapo ni kuimba. Naimba noti kwanza, kisha naipuliza, na isipotoka naimba tena, sisukumi. Midomo mbele, pembe zimekaza, meno yameachana. Dakika kumi unapuliza, dakika kumi unaweka chini. Kaka Tena, pumzi unayo tayari, ulimi wa kukata noti unao, kusoma unajua. Mwalimu hatakupa hivyo upya. Anachoweza kukupa ni jicho, maana mdomo wako huuoni. Tafuta kioo, na huyo mpigaji mmoja aliyebaki akutazame mara moja kwa wiki. Hiyo michango ya mwalimu nunueni mafuta ya vali.

Fundi wa Vyombo, Lindi
Hapo kwa mafuta umenikuna. Tarumbeta iliyokaa bure vali zinakwama, na mtu anadhani kosa ni lake. Kabla ya kumpa, ifunguliwe na ioshwe kwa maji ya uvuguvugu.

Mhazini wa Kikundi, Mtwara
Mimi ni wa kikundi hicho. Hatukatai ajifundishe. Tunakataa chombo kilale kwake. Cha kikundi kilale kabatini kwa katibu.

Tena wa Ligula
Mhazini, kabati linafunguliwa Jumamosi tu! Midomo gani itakomaa kwa siku moja kwa wiki?

Dada wa Tromboni, Newala
Aandikishe, asaini, akae nacho. Chombo cha kabatini hakimfundishi mtu.

Mhazini wa Kikundi, Mtwara
Kikiibiwa nani atalipa?

Tena wa Ligula
Mimi. Nipeni walau kikombe cha kupulizia, nianze kuzoesha midomo usiku huu. Kile kinaingia mfukoni.

Mhazini wa Kikundi, Mtwara
Kikombe chukua. Njoo kwa katibu baada ya Magharibi.

Mjukuu wa Mpiga Zumari, Mikindani
Mwalimu, bado nasubiri ulirudishe lile neno.