Msaada wakuu: mdogo wangu kakamatwa Texas, nitajuaje yuko jela gani?

dada_wa_sinza
Wakuu habari za usiku. Niko Dar, mdogo wangu wa kiume yuko Marekani, anakaa Katy, pembeni ya Houston, Texas, anabeba boksi kwenye stoo moja zamu ya usiku. Simu yake haipatikani tangu Ijumaa. Jamaa anayekaa naye ndo kanambia alisimamishwa na polisi barabarani, gari likavutwa na breakdown na yeye akapakiwa kwenye difenda la polisi, zaidi ya hapo hajui kitu na anaogopa kwenda kuuliza kwa sababu makaratasi yake mwenyewe hayajakaa sawa. Mama hali wala halali, presha inapanda.

Nimegugo nikakuta tovuti kibao, unaandika jina inazunguka weee halafu inakuambia imepata rekodi, ukitaka kuziona weka kadi ya benki. Zote hivyo hivyo. Naomba anayejua anielekeze, nitajuaje kashikiliwa wapi, kwa kosa gani, dhamana sh ngapi na mahakamani lini? Grini kadi anayo. Natanguliza shukrani.

Kibo255
Pole sana dada. Kwanza kabisa USILIPE POPOTE. Hizo tovuti ni za wafanyabiashara, zinakusanya taarifa za kaunti (kama wilaya za huku kwetu) na kuziuza, na mara nyingi ni za zamani. Unachotafuta kipo bure.

Marekani hakuna jela moja ya nchi nzima ambayo unapiga simu unaulizia mtu. Mtu akikamatwa leo anapelekwa jela ya kaunti, ambayo kwa majimbo mengi iko chini ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, na sherifu anachaguliwa kwa kura na watu wa kaunti ile ile kwa hiyo kila mmoja ana ofisi yake, tovuti yake na utaratibu wake. Texas peke yake ina kaunti 254. Gereza la jimbo ni kitu kingine, huko wanaenda waliokwishahukumiwa kwa makosa makubwa, usipoteze muda kutafuta huko.

Sasa kwako kuna mtihani kidogo maana Katy imekaa kwenye kaunti tatu, Harris, Fort Bend na Waller. Unavuka barabara tu ushaingia kaunti nyingine. Kinachoangaliwa ni pale alipokamatiwa, siyo anapolala. Muulize huyo jamaa alisimamishwa barabara gani, halafu ingia tovuti ya sherifu wa kaunti husika utafute sehemu ya orodha ya mahabusu. Kama hajui, tafuta kote kutatu.

Mkikuyu_wa_Dallas
Pole dadangu, usijali utampata. Mimi niko huku Dallas na hii kitu imetupata kwa familia, wacha nikuambie penye watu wetu hukwama, ni kwa majina.

Sisi tuna majina matatu na kila karatasi imeyapanga vile inataka. Polisi anachukua leseni anaandika ile jina iko mwisho kama ya ukoo, saa zingine ni ya babu ambayo nyumbani hakuna mtu humwita nayo. Kwa hivyo tafuta na jina la babu, ukikosa tafuta la baba, ukikosa geuza, la kwanza liende mwisho. Toa alama zote, kama jina lina ng' weka ng tupu bila hiyo kitu ya juu. Kama tovuti inakubali andika herufi chache za kwanza uone orodha yenyewe. Kama paspoti yake ina jina moja tu huwa wanaweka FNU pale mbele, maana yake jina la kwanza halijulikani, nimeona watu wakitafutwa wiki mzima na wako hapo kwa orodha na hiyo FNU yao. Na tarehe ya kuzaliwa wao huanza na mwezi ndio siku, 04/09 kwao ni Aprili tarehe tisa.

Kitu ingine, akikamatwa haonekani kwa mtandao hapo hapo. Lazima kwanza wamchukue alama za vidole, picha, wahesabu vitu zake, daktari amwone, wamfungulie faili. Hiyo inaweza maliza masaa mengi sana. Ukikosa kwa mtandao piga simu jela yenyewe uongee na mtu, ila Houston iko nyuma yenu masaa nane saa hizi za kiangazi na tisa wakati wa baridi.

mzalendo_halisi
Polisi wa Marekani hawakamati mtu bure bure. Muulizeni vizuri huyo kijana alichofanya kabla ya kuhangaika.

mkalimani_mahakamani
@mzalendo_halisi hapana. Kukamatwa si kutiwa hatiani. Polisi akiwa na sababu za kutosha za kushuku anakamata, na kuna kesi nyingi tu waendesha mashtaka wanazifuta wenyewe. Nafanya kazi ya ukalimani mahakamani, nawaona kila wiki watu wanaotoka bila hatia yoyote. Dada ameomba msaada wa kumpata ndugu yake, tumsaidie.

Dada, hata kabla hujampata, jua sheria iko hivi: mtu akikamatwa bila hati ya mahakama, hakimu anatakiwa apitie haraka, kwa kawaida ndani ya saa 48, kama kulikuwa na sababu za kutosha za kumkamata, hilo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1991. Texas anafikishwa mbele ya hakimu ndani ya muda huo huo, hapo ndipo anasomewa anachotuhumiwa, anaelezwa haki zake na anawekewa dhamana. Kwa hiyo tangu Ijumaa mpaka leo tayari kuna karatasi yenye jina lake mahali fulani.

dada_wa_sinza
JAMANI KAPATIKANA!!! Asanteni sana sana. Fort Bend hakuna, Waller hakuna, Harris nikaweka jina la baba hakuna, nikaweka la babu kama alivyosema ndugu yetu wa Dallas, huyo hapo. Jina kwa herufi kubwa tupu, tarehe ya kuzaliwa yake kabisa, wameandika urefu kwa futi, kuna namba wanaita SPN, kosa wameandika kuendesha gari akiwa amelewa mara ya kwanza, dhamana dola 500, namba ya mahakama na tarehe ya kufika. Mama nimemwonyesha kalia lakini kala.

Sasa kuna jipya, huyo anayekaa naye kapigiwa simu asubuhi na mtu anajiita afisa wa jela, anajua jina kamili la mdogo wangu, kosa lake na hiyo dhamana, anasema atumiwe dola 1,500 kwa gift card dogo atoke leo leo na afungwe kile kifaa cha mguuni. Tutume? Nina hela ya ada ya watoto hapa.

Kibo255
DADA USITUME HATA SENTI. Huyo ni tapeli. Anajua hayo yote kwa sababu ameyasoma pale pale ulipoyasoma wewe, orodha iko wazi kwa dunia nzima, wao wanakaa wanachukua majina mapya ya kila siku wanatafuta simu za ndugu. Hakuna jela wala mahakama Marekani inayopokea dhamana kwa gift card. Na angalia hesabu yake, dhamana 500 yeye anataka 1,500.

mkalimani_mahakamani
Kweli kabisa. Hela ya ada kaa nayo.

Hiyo SPN iandike mahali pazuri. Harris wakishakupa inabaki yako, kesi zako zote pale zinafuata namba hiyo, na ukipiga simu taja hiyo badala ya kuhangaika kutamka majina. Orodha ya sherifu inakuambia yuko ndani au katoka, basi. Mwenendo wa kesi upo kwa karani wa mahakama, ofisi tofauti na tovuti tofauti, ndiko utaona tarehe ikisogezwa.

Dhamana ziko njia tatu. Unalipa yote taslimu, akihudhuria tarehe zote mpaka kesi iishe inarudi ukitoa makato madogo. Ya pili kampuni ya dhamana, unawapa kama asilimia 10 wao wanamdhamini, hiyo hairudi hata kesi ikifutwa kesho yake. Ya tatu anasaini ahadi ya kurudi anatoka, makosa madogo inatokea sana. Lakini kabla hujalipa chochote, uliza kama ana zuio la uhamiaji. Hilo ni ombi la ICE, idara ya serikali inayokamata na kurudisha watu makwao, kwa jela wamshikilie hadi saa 48 za ziada baada ya muda wake wa kuachiwa ili waje wamchukue, na Texas sheria ya 2017 inazilazimisha jela kutii. Nimeona familia inachangishana usiku kucha, inalipa, kijana anatolewa mlango huu anaingizwa mlango ule. Mwenye grini kadi na kosa la kwanza kama hili kwa kawaida hayuko kwenye hatari kubwa hiyo, ila uliza.

Akitoweka ghafla kwenye orodha ya Harris na hajakupigia, tovuti ya ICE ya kutafuta wanaoshikiliwa ni bure pia. Weka namba yake ya uhamiaji (A-Number) iliyo kwenye grini kadi yake, lazima zitimie tarakimu 9, zikipungua ongeza sifuri mwanzoni, na nchi aliyozaliwa. Kwa jina tupu inataka lifanane herufi kwa herufi.

Mkikuyu_wa_Dallas
Na yeye ndio atakupigia, wewe huwezi pigia mtu ako ndani. Huyo roommate afungue akaunti ya simu aweke pesa kidogo. Lakini tafadhali, MSIONGEE KUHUSU KESI. Kila simu inarekodiwa na mwendesha mashtaka anaweza itumia. Msifikirie Kiswahili kitawaficha, wakalimani wako, si mnaona mmoja ako hapa. Muulize amekula, ako na dawa, anataka nani aambiwe kazini, mkate simu.

nungwi_mpaka_ohio
Naongeza la ubalozi maana watu wengi hawalijui. Tanzania ipo kwenye orodha ya nchi ambazo Marekani ni lazima iujulishe ubalozi raia wake akikamatwa, mwenyewe atake asitake. Inatokana na mkataba waliosaini na Waingereza enzi za ukoloni na sisi tukaurithi. Kenya haimo, Mkenya lazima aombe mwenyewe, wanamuuliza na akikataa basi. Kwa hiyo dada piga ubalozi wetu Washington, uliza kama wamepata taarifa na kama hawajapata wape wewe hiyo SPN. Hawatomlipia wakili wala dhamana, ila wanaweza kuwasiliana na jela.

Na kwa mtakaousoma uzi huu huku ndugu zenu wako majimbo mengine: Alaska, Hawaii, Delaware, Connecticut, Rhode Island na Vermont mfumo wa jela uko chini ya jimbo, usitafute sherifu wa kaunti. Illinois dhamana ya hela ilifutwa Septemba 2023, ukiambiwa utume hela ya dhamana Chicago ujue unaibiwa. Majimbo mengi pia yana VINE, unaandika jina kisha unaomba utumiwe meseji mtu akitoka au akihamishwa. Ilianzia Louisville, Kentucky, mwaka 1994 baada ya binti mmoja, Mary Byron, kuuawa na mpenzi wake wa zamani aliyetoka jela bila yeye kuambiwa. Imewekwa kwa ajili ya wahanga lakini familia inaruhusiwa kuitumia.

dada_wa_sinza
Ubalozi nimewaandikia barua pepe na nitapiga jioni wakifungua. Huyo tapeli tumemblock. Swali langu la mwisho wakuu, hii rekodi itabaki mtandaoni milele? Dogo alikuwa anasubiri kuomba uraia.

mkalimani_mahakamani
Hapo ndipo pa kutilia maanani kuliko hata dhamana. Rekodi ya kukamatwa inabaki kuwepo hata kesi ikifutwa, haijifuti yenyewe. Texas kesi ikifutwa au akishinda anaweza kuiomba mahakama iamuru ifutwe kwenye vyombo vyote vya serikali, ila akikiri kosa mlango huo unafungwa. Ndiyo maana asikubali kusaini kukiri ili atoke haraka, watu wengi wanafanya hivyo wakiwa wamechoka kulala sakafuni. Kosa hilo mara ya kwanza Texas ni hadi siku 180 jela na faini hadi dola 2,000, siyo jambo dogo. Kama hana hela ya wakili aombe wa kupewa na mahakama, na amwambie waziwazi kuwa si raia, maana tangu 2010 Mahakama Kuu imesema wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja madhara ya uhamiaji kabla hajakiri.

Picha yake ikitokea kwenye zile tovuti zinazodai hela ili kuitoa, asiwalipe. California imepiga marufuku kutoza hela ya namna hiyo, na Texas tovuti hizo haziruhusiwi kuendelea kuonyesha rekodi ambayo mahakama imeamuru ifutwe. Apeleke hiyo amri ya mahakama.

Kwenye fomu ya uraia wanauliza kama umewahi kukamatwa, siyo kufungwa tu. Ajibu ndiyo, hata kama ilifutwa. Hukumu au ufutwaji wa kesi achukue nakala yenye mhuri wa karani wa mahakama, achukue mbili tatu kabisa siku ile ile kesi inapoisha, maana karatasi ya jela inaonyesha alivyoingia tu, haionyeshi iliishaje. Na kabla ya kujaza aombe rekodi yake FBI, dola 18 na alama za vidole, aone wanachokiona wao. Tarehe ya mahakama ni lini dada?

dada_wa_sinza
Alhamisi saa tatu asubuhi ya huko. Kuna dada wa kanisani kwao atakwenda kukaa ukumbini, na wakili wa mahakama ameshapewa, jina lipo kwenye ukurasa wa karani. Hayo ya kutokiri na ya nakala zenye mhuri nimemtumia huyo dada, amfikishie wakili.