MREJESHO: Dawa ya magugu kuruka hadi kwa jirani

Wakuu, niliuliza kwa nini kila nikipulizia 2,4-D (dawa inayoua magugu ya majani mapana) kwenye nyasi za mteja wangu hapa Arusha, majani ya nyanya za jirani yanajikunja. Mchawi kapatikana: nozeli, yaani ile ncha ya bomba inayotoa dawa.

Iliyokuja na bomba la mgongoni ni ya koni, inatoa ukungu. Kwa wadudu wa mboga sawa, kwa nyasi ni balaa. Tone la chini ya maikroni 150 (milimita 0.15) ni jepesi mno, linakwenda na upepo. Tena ukipunguza kipenyo cha tone kwa nusu, tone moja linazaa 8. Sasa nimefunga nozeli inayotoa dawa kama feni bapa na kuvuta hewa ndani ili matone yawe makubwa. Matone unayaona kwa macho yakidondoka juu ya gugu. Presha nimeshusha, ncha naishika chini ya goti.

Mnaonunua, rangi ya nozeli inaonyesha kiasi inachotoa kwa dakika, si ukubwa wa tone. Muuzaji mmoja aling'ang'ana kwamba nyekundu ndiyo ya matone makubwa. Wapi!

Aliyenishauri nipulizie alfajiri kukiwa kimya kabisa, hapo tumepishana. Saa hizo moshi wa jikoni unatambaa badala ya kupanda, na dawa itasafiri vivyo hivyo. Nasubiri upepo mwepesi unaotoka upande wa jirani.

Nyanya zake mpya zimenyooka. Bomba la 2,4-D nimelitenga, mboga haziligusi tena.