Viazi vikuu vimegoma kuchipua, nivichovye jibereliki?

Mnyalukolo_Tukuyu: Habari za jioni wadau. Julai nilichimba viazi vikuu, nikatenga magunia mawili ya mbegu, nikavipanga kichanjani stoo. Leo Oktoba imeingia, sioni hata jicho moja. Shemeji yangu analima viazi mviringo Isyonje, mbegu zake huzichovya asidi ya jibereliki, ile homoni ya kukuza mimea, na zinaamka upesi. Dukani nimeambiwa "kiazi ni kiazi". Nimeshanunua paketi ya gramu 1. Nichanganye vipi?

Jembe_Kali: Gramu 1 kwa lita 200 za maji, yaani miligramu 5 kwa lita. Iyeyushe kwanza kwenye spiriti kidogo, maji matupu yanasumbua. Chovya dakika 10, anika kivulini.

Mama_Shamba: Jamani ngoja! Hicho kipimo ni cha mviringo. Kiazi kikuu ni ukoo mwingine kabisa, na jibereliki kwake inafanya kinyume: inarefusha usingizi. Kuna wanaoitumia makusudi ili viazi vya kula visichipue ghalani. Ukichovya leo, mvua zitakuja na kukuacha unavitazama tu.
Tena usitafute jicho, mwanangu. Kiazi kikuu hakina macho yaliyo tayari kama mviringo, chipukizi linajijenga upya chini ya ganda. Ndiyo maana kinachelewa. Miezi mitatu, minne, ni kawaida yake.

Mnyalukolo_Tukuyu: Duh, nilishatia maji ndooni. Sasa nifanyeje mama?

Mama_Shamba: Stoo za Tukuyu ni baridi, na baridi inavilaza. Vihamishie darini juu ya jiko, hewa ipite. Kichwa, pale kiliposhikana na shina, ndicho huamka kwanza. Kikichipua ndipo ukate vipande, paka majivu kwenye kidonda, acha kikauke kabla ya kupanda.

Kijana_wa_Rungwe: Na zile dawa za kudumaza majani eti kiazi kinenepe?

Mama_Shamba: Zipo, zinazuia mmea kutengeneza jibereliki, kamba, yaani shina linalotambaa, inakuwa fupi. Mavuno yake leo yanapanda, kesho hayapandi, inategemea aina na wakati wa kupuliza. Mimi pesa hiyo ningenunulia miti ya kutambalia. Wengi hapa kwetu wanaacha kamba zilale chini halafu wanalaumu mbegu.

Jembe_Kali: Nimekosa, mama. Nilijibu bila kusoma vizuri.

Mnyalukolo_Tukuyu: Nimempigia shemeji achukue paketi. Anauliza kama nimeifungua.