Mameneja wa villa Malindi, nunueni kipimo cha dawa ya bwawa muache kutusumbua na klorini!!

Jamani leo niacheni niseme manake nimechoka. Kazi yangu ni kuangalia mabwawa ya kuogelea, nazunguka majumba ya Casuarina na Silversands, na kila nyumba kelele ni ile ile. Meneja aja anusa maji, "mbona yanuka dawa hivi, punguza", siku mbili maji yaanza kupiga kijani, huyo huyo tena ashapiga simu "mwaga dawa haraka wageni wafika saa nane!" Saa sita mchana, jua hili letu!! Klorini ya unga ukiimwaga saa hizo, kama maji hayana ile dawa ya kuikinga na jua, masaa mawili tu nyingi yake ishaliwa, pesa imeenda. Huwekwa magharibi, pampu izunguke usiku, asubuhi upime kabla mtu hajaingia. Lakini wapi, pampu nayo mwaizima jioni ati stima ghali.

Na hiyo harufu, nisikizeni vizuri. Bwawa lililo sawa halinuki hivo. Ile inayowasha macho ni klorini iliyoshikana na jasho na mikojo na mafuta ya kujipaka, nguvu za kuua vijidudu zimepungua sana, na hapo yatakiwa dozi kubwa ya klorini usiku, mara kumi ya hiyo iliyoshikana, watu wakae nje mpaka ishuke. Sasa mkiniambia nipunguze, mtoto wa mtu akiendesha tumbo nani ataulizwa? Si ni mimi!

Naomba kile kiboksi cha kupimia, basi. Klorini huru, ile ambayo haijashikana na uchafu, iwe 1 mpaka 3 ppm (yaani miligramu kwa lita), na pH, kipimo cha ukali wa asidi kwenye maji, iwe 7.2 mpaka 7.8. Macho hayaoni pH jamani. Maji ya visima vyetu ni magumu, yatoka kwenye mawe ya matumbawe, na hiyo klorini ya unga nayo yapandisha pH, ikifika 8 hata robo ya klorini haifanyi kazi ya maana, wewe waongeza tu na maji bado yana ukungu. Hapo ilitakiwa asidi ya kuishusha pH.

Lililonipandisha hasira kabisa ni juzi, nyumba moja wamemtuma kijana wa bustani achanganye vidonge vya klorini na klorini ya unga kwenye ndoo moja "iwe kali". Wallahi nilipiga ukelele. Klorini ya unga na vile vidonge havikutani hata kwenye kikombe cha kuchotea, hulipuka, na unga ukigusana na asidi watoa moshi wa kuua mtu, na stoo yenyewe vyote vimepangwa rafu moja hakuna hata dirisha! Kijana hana glavu, hana miwani, na ni dawa ambayo hutiwa kwenye maji, si maji kumwagiwa juu yake, hakuna aliyemwambia.

Kipimo bei yake haifiki hata ya ndoo moja ya klorini, na bado naambiwa ningoje mpaka bosi arudi kutoka Italia. Wenzangu wa Watamu na Mambrui, nyinyi mwanunuliwa au mwajinunulia?