Mrejesho: skii za kushukia matuta, nimeshachukua

Wakuu, mrejesho. Niliuliza ninunue skii gani (zile mbao za kutelezea kwenye theluji) za kushukia moguli, yale matuta ya theluji, maana niko Denver na wikiendi naenda Mary Jane, mlima wa kuteleza pale Winter Park, Colorado, ambako matuta ndo yenyewe. Mlionambia nitafute nyembamba kiunoni, yaani pale katikati chini ya buti, mlikuwa sahihi kabisa. Nilijaribu za kukodi kwanza, zile pana za milimita 100 zinaelea vizuri kwenye theluji laini ila kwenye matuta kuhamisha uzito toka ukingo mmoja kwenda mwingine inachelewa, unafika tuta linalofuata bado hujageuka. Za mashindano ya matuta zina kama 65 hivi, nyepesi kugeuza, ila nje ya matuta sizipendi, zimenyooka mno hazikati kona zenyewe. Nimechukua za 84, ncha laini inayojikunja ikigonga tuta, mkia usio mgumu sana maana mkia mgumu unakurusha ukichelewa kidogo tu, na urefu unanifika puani. Raha sana aisee! Aliyesema nisichukue zinazozidi kimo changu, asante sana mkuu. Imebaki buti, za sasa zinanibana kifundo cha mguu, anayejua fundi mzuri wa kuzitanua huku Denver anitagi.