Nimepita mchujo wa afisa ugavi ila orali inanitisha, naombeni ushauri

BintiKibaigwa: Habari zenu wakuu. Nina digrii ya ugavi nilimaliza 2021, tangu hapo naomba tu kwenye Ajira Portal, ile tovuti ya kuomba kazi za serikali. Safari hii mchujo nimepita, Alhamisi naingia orali, ule usaili wa ana kwa ana, huko Mtumba Dodoma. Sasa mwaka juzi kampuni moja pale mjini iliniita wakasema jielezee, nikataja jina na chuo basi, mate yakakauka nikabaki naangalia vigae. Sina uzoefu wa ofisi yoyote, niko sokoni kwa baba mdogo nampimia mahindi na kuandika magunia kwenye kaunta buku. Noti za chuo nasoma usiku ila haziingii. Nisaidieni jamani hii nafasi naitaka kweli.

MzeeNkuhungu: Hongera binti yangu, mchujo siyo mdogo. Beba vyeti halisi vyote, cha kuzaliwa, form four, six, chuo na kitambulisho, rizalti slipu hawapokei. Halafu ukitokea Kibaigwa Mtumba unaikuta kabla ya mjini, mwambie konda akushushe, usipelekwe hadi Nanenane ukaanza kurudi na bodaboda umechelewa.

UgaviDamu: Dada hizo noti za 2021 ziangalie vizuri, sheria ya ununuzi wa umma ya 2011 ilishafutwa, inayotumika ni ya 2023, na TANePS, ule mfumo wa zamani wa zabuni mtandaoni, haipo tena, sasa hivi zabuni zote zinapita mfumo mpya wa NeST. Mwenzangu alijibu TANePS mbele ya paneli akaulizwa una uhakika, akasema ndiyo. Jua kazi ya afisa masuuli (mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake), bodi ya zabuni na kitengo cha ununuzi, nani anaidhinisha nini, hapo wanapenda sana kuuliza.

MamaIpagala: Mdogo wangu nani kakwambia huna uzoefu? Hebu tuambie gunia likifika sokoni unafanya nini.

BintiKibaigwa: Napiga bambo, kile chuma cha kuchoma gunia na kutoa sampuli, juu, katikati na chini dada, maana wengine wanaweka mahindi mazuri juu tu. Nakuta yana unyevu au yametobolewa naliweka pembeni namwita baba mdogo, yakiwa safi ndo napima naandika kilo na jina la mkulima, na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, sipokei. Jioni najumlisha nalinganisha na hela iliyotoka.

MamaIpagala: Umeona? Huo ni ukaguzi wa mali kabla ya kupokea, na utunzaji wa kumbukumbu. Wakisema jielezee anza na jina, digrii, kisha hilo bambo. Ila lisemee pia kwa Kiingereza kwa sauti, mkalishe mtu mbele yako akuangalie usoni, siyo kichwani kimyakimya, kusoma kimya ndo kulikukausha mate.

BintiKibaigwa: Asanteni sana, nimemkalisha mdogo wangu hapa kwenye ndoo namjielezea mara ya tatu sasa. UgaviDamu hiyo sheria mpya naitafuta usiku huu huu.

UgaviDamu: Ipo kwenye tovuti ya PPRA, mamlaka ya kudhibiti ununuzi wa umma, bure, anza na sehemu ya njia za ununuzi.